Mahindi Yanapopiga Mwano, Kiduha Nacho Husikia

Mazungumzo ya bwana shamba mstaafu na wakulima wa mahindi na mtama, wilayani Magu, mkoani Mwanza, mwezi Januari. Yameandikwa baadaye karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali.

Ndugu Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mtendaji, wazee wangu mliowahi kivuli, mama zangu mliobaki juani kwa sababu wazee wamewahi kivuli, na nyie vijana mlioegemea pikipiki kule nyuma: Mwangaluka!

Haya, mmeitikia vizuri. Nimeambiwa nina nusu saa. Zamani nikiwa kazini ningewajia na mabango ya picha, mkasinzia. Leo nimekuja na beseni.

Hili shina la mahindi nimelitoa asubuhi hii, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwenye shamba lile linaloteremka kuelekea ziwani. Sikulivuta. Nimelichimba taratibu kwa jembe, nikalitoa na bonge lake la udongo, nikaliloweka humu mpaka udongo ukajiachia wenyewe. Naomba lipite mkono kwa mkono, lianze kwa mama zangu. Tazameni mizizi. Mnaviona hivi vitu vyeupe, vingine kama uzi, vingine vinene kidogo vyenye magamba, vimeng'ang'ania mzizi kama kupe kwenye kiwele? Hicho ndicho kiduha, gugu linalonyonya mizizi. Na hakuna hata kimoja kilichochomoza juu ya ardhi. Ukisimama pembeni ya shamba lile utasema ni safi, kwa sababu kweli limepaliliwa mara mbili, na mwenyewe amejitahidi.

Karibu wote tumezoea kukitambua kiduha kwa ua lake. Ni ua zuri, tusidanganyane. Zambarau iliyoingia waridi; nimewahi kuona mtoto kalichuma shada zima anampelekea mwalimu. Lakini mbegu ya kiduha ikishajishika kwenye mzizi wa mahindi hukaa chini, gizani, wiki nne hadi saba ikinyonya kabla hujaona chochote. Hasara kubwa inafanyika humo. Ukiliona ua ukashtuka, unashtuka mwizi akiwa ameshavuka mto na ng'ombe.

Kwa hiyo jifunzeni kuyasoma mahindi yenyewe. Mahindi yaliyoshikwa yanadumaa, yanabaki magotini wakati wenzake wamefika kifuani. Majani yanapata mabaka ya manjano na meupe, ncha zinaungua kama zimepitiwa na moto. Na dalili ninayoiamini kuliko zote: mchana yananyauka, majani yanajikunja kama mwezi wa kiangazi, ila ukifukua kwa kidole udongo una maji. Jua halikaushi mahindi yaliyosimama kwenye udongo wenye unyevu. Ukiona hivyo, chukua jembe, chimba shina moja, lisuuze kwenye beseni kama nilivyofanya. Ni kazi ya dakika kumi, na itakupa jibu ambalo watu wanalitafuta kwa miaka.

Wanalitafuta wapi? Wa kwanza anasema mbolea ilikuwa feki. Wa pili anasema mvua. Wa tatu, naomba nilitamke kwa sababu wote tunalijua, anamtazama jirani yake. Kwa Kiingereza jina la gugu hili maana yake ni gugu la mchawi, kwa hiyo hata Wazungu walipatwa na wazo hilohilo. Nimewahi kukaa kwenye baraza la ndugu wawili, tumbo moja, waliokuwa hawasalimiani misimu mitatu kwa sababu mtama wa mkubwa unasinyaa na wa mdogo, hatua arobaini tu kutoka hapo, umesimama. Na mama yao mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini, alikuwa ameanza kutajwa. Mnajua huku kwetu kutajwa kunaishia wapi. Siku ile niliomba jembe badala ya maneno. Tukachimba pande zote mbili. Kwa mkubwa, mizizi imejaa. Kwa mdogo, hakuna kitu. Yeye alikuwa ametoka kulima pamba pale miaka miwili mfululizo. Hiyo pamba ishikeni kichwani, nitairudia.

Sasa mmea wenyewe, ili msije mkakosea. Kiduha cha kwetu kanda ya ziwa ni kile kirefu, kinaweza kufika kiunoni. Shina lake ukilipapasa linakwaruza, lina pembe. Majani ni membamba, marefu, ya kijani kilichopauka, yanakaa wawiliwawili. Maua yanapanda juu ya shina kama mashuke, yakianzia chini. Kikifa kinakauka na kuwa cheusi, mpaka mtu anadhani kimeunguzwa. Kipo na ndugu yake mfupi, maua mekundu, hafiki hata kwenye goti. Huyo mmezoea kumsikia zaidi mikoa ya kati, mashariki na kusini, na anapenda sana mpunga wa mlimani. Tabia zao ni moja. Wanakula vya jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga wa nchi kavu, miwa. Mihogo na viazi vitamu hawavigusi. Kwa hiyo michembe ya viazi na udaga wa mihogo viko salama, mama zangu, msiwe na hofu ya chakula cha jioni.

Turudi kwenye mbegu, maana hapo ndipo penye shida yote. Mbegu ya kiduha ni vumbi. Tatu ukizipanga foleni hazifiki milimita moja. Mmea mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu, na mkubwa ulioshiba unafika hata laki mbili. Tufanye hesabu ya huruma, tuseme elfu hamsini. Mimea 20 uliyoipuuza kwenye kona ya shamba kwa sababu ulikuwa na msiba, au mgeni, au umechoka, ni mbegu milioni moja. Na mbegu hizo hazina haraka. Zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi zikiwa hai. Mtoto uliyembeba mgongoni mwaka kiduha kilipomwaga mbegu anaweza kuja kuzipalilia yeye.

Mzee wangu pale anatikisa kichwa. Anajiuliza: sasa mbegu hiyo inajuaje kwamba mwaka huu kuna mahindi, iamke?

Swali hilo limewasumbua wasomi miaka mingi, na jibu lake nalipenda kuliko yote niliyojifunza katika kazi hii. Mahindi yakiwa na njaa, hasa njaa ya fosforasi na naitrojeni, hayana miguu ya kwenda kutafuta. Mizizi yake inatoa kemikali ndani ya udongo, kiasi kidogo mno, kuwaita kuvu fulani wanaoishi ardhini. Hao kuvu ni majirani wema. Wanaingia kwenye mzizi, wananyoosha nyuzi zao mbali kuliko mzizi ungefika, wanarudi na fosforasi, na mahindi yanawalipa sukari. Nyie mnajua mwano, yowe la kuitana msaada. Mwano ukipigwa usiku hapa kijijini, hakuna anayeuliza ni wa nani, kila mwenye rungu anatoka. Mahindi yenye njaa yanapiga mwano. Sasa kiduha kimelala pembeni ya mzizi, miaka saba, kinasubiri mwano huohuo. Kinausikia, kinaota, kinaufuata mzizi, kinauchoma. Aliyeitiwa msaada ni kuvu, aliyefika wa kwanza ni mwizi.

Kemikali hiyo ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966, huko Marekani, ikaitwa strigoli. Kwa muda mrefu hakuna aliyeelewa kwa nini mmea ujisaliti kwa kumwita adui yake. Ilikuwa mwaka 2005 ambapo watafiti wa Japani, akiwemo Kohki Akiyama, walionyesha kwamba wito huo ulikuwa wa kuvu tangu mwanzo. Karibu miaka arobaini kati ya kuusikia mwano na kujua unamwita nani.

Sasa nawauliza nyie, maana haya mnayaona kila siku. Nani hapa shamba lake linaanzia zizini? Nyosha mkono. Kiduha kwako kiko wapi, jirani na zizi au kule mbali?

(Wakajibu wengi kwa pamoja: Kule mbali!)

Kule mbali. Hamkuhitaji Mjapani. Penye samadi mahindi yameshiba, hayapigi kelele. Udongo wetu wa luseni, huu mchanga unaoteremka kutoka kwenye mawe haya, unachoka upesi, na tumekuwa tukiupanda mahindi juu ya mahindi, mwaka hadi mwaka, shamba zima likipiga mwano usiku na mchana. Ndiyo maana huwa nakataa mtu akiniambia kiduha ni ugonjwa. Kiduha ni mgeni wa udongo wenye njaa. Ukimfukuza ukaiacha njaa, atarudi.

Samadi, basi. Ila samadi iliyooza. Hapa nina la kukiri. Mwaka niliohamia kwenye shamba langu la sasa, mimi bwana shamba mwenye cheti ukutani, nilipewa na shemeji yangu mikokoteni sita ya samadi. Nilifurahi, nikaimwaga ikiwa mbichi. Ng'ombe wale walikuwa wamechungwa kwenye mabua ya mtama wenye kiduha, na mbegu ya kiduha inapita tumboni mwa ng'ombe na kutoka ikiwa hai. Msimu wa pili nikaona ua la kwanza. Nikaling'oa kwa hasira, nikalitupa kwenye mpaka, mbegu zikiwa zimeshakomaa. Kisha nikaazima plau ya jirani, nikalima kwangu, nikairudisha na udongo wangu umeganda kwenye ulimi. Jirani hakuwa na kiduha kabla yangu. Anajua sasa, nimemwambia, na bado tunasalimiana, lakini namshukuru kwa kiasi ambacho sistahili.

Kwa hiyo samadi irundikwe, ifunikwe, imwagiwe maji, igeuzwe, ipate joto mpaka ukiingiza fimbo ndani itoke ina moto. Wenye uwezo wa mbolea ya ruzuku, pandieni na kukuzia kama mlivyoelekezwa, lakini msiache samadi. Mchanga usio na mboji hauishikilii mbolea ya dukani, mvua mbili imeondoka ziwani kulisha magugu maji. Na magugu maji mnayajua, sina haja ya kuwaeleza wavuvi wa hapa walivyokwama.

Sasa pamba. Nilisema kemikali ile ilitengwa mwaka 1966. Sikusema ilitolewa wapi. Ilitolewa kwenye mizizi ya pamba.

(Kimya kidogo, kisha minong'ono.)

Pamba nayo inapiga mwano. Inawaita kuvu kama mahindi yanavyowaita. Kiduha kikiusikia kinaamka vilevile, kinaota vilevile, kinakwenda kuutafuta mzizi. Kinaufikia, kinajaribu kuingia, hakiwezi. Mbegu yenyewe ni vumbi, haina akiba. Ndani ya siku chache imekufa. Umeiua bila jembe na bila dawa. Hiyo ndiyo siri ya yule mdogo mtu na shamba lake lililosimama. Hakuwa na hirizi yoyote, alikuwa na pamba. Hapo Ukiriguru, mwendo wa saa chache kutoka hapa, pamba imefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1930, na zile mbegu za UK mlizopanda nyie na baba zenu zilipata herufi zake pale. Tumekuwa na dawa ya kiduha mikononi tukiipeleka gulioni kwa kilo.

Najua mnachotaka kusema. Bei ya pamba. Hiyo ni hotuba nyingine, na mimi si mtu wa kuitoa. Kama pamba imekukatisha tamaa, karanga zinafanya kazi hiyo, kunde, njugumawe, soya, alizeti, ufuta. Hazilingani nguvu, na hata aina ya kunde hii si sawa na ile. Ila msidanganywe na mtu atakayewaambia msimu mmoja unatosha. Mbegu inausikia mwano ikiwa karibu sana na mzizi, milimita chache. Zile zilizolala katikati ya mstari hazikusikia kitu. Misimu miwili, mitatu, mfululizo, bila mahindi wala mtama hapo. Ndipo mtaona tofauti. Na mkirudisha mahindi, changanyeni na kunde au karanga, msirudi kwenye mahindi matupu.

Kung'oa je? Kung'oa kuna wakati wake, na wengi tunaukosea pande zote mbili. Ukikiona kimechomoza tu ukakivuta, kinakatika na kuchipua tena, na kule chini bado vimo vingine. Ukingoja mpaka uvune, kimeshamwaga. Ng'oa kinapoanza kutoa ua, kabla vifuko vya mbegu havijavimba, kisha rudi kila wiki moja au mbili, kwa sababu havichomozi siku moja. Kama umechelewa na vifuko vipo, usitupe kwenye mpaka kama mimi, usiwape ng'ombe. Weka ndani ya kiroba, beba, choma. Na jambo linalosahaulika: mkishavunja mahindi msiondoke. Mabua yakiwa bado na ubichi, kiduha kilichobaki kinamalizia kazi yake kwa raha, hakuna mtu shambani, kisha ng'ombe wanaingizwa. Pamba ina sheria, kila mmoja hapa anajua kwamba ikifika tarehe 15 Septemba masalia yawe yameng'olewa na kuchomwa. Kiduha hakina tarehe. Mwenyekiti, kijiji kinaweza kujiwekea yake, hakuna anayekataza.

Tena kwa kazi hiyo nina ombi. Mna vijana wa Bugobogobo hapa, nimewaona kwenye sherehe wanarusha majembe hewani na kuyadaka. Kung'oa kiduha peke yako mgongo umeinama ni adhabu. Wakizunguka shamba kwa shamba na ngoma yao, ekari moja haimalizi asubuhi.

Niwape kisa kimoja cha mbali, halafu tufike kwenye maswali. Mwaka 1956 kiduha chekundu kiligunduliwa kwenye mashamba ya mahindi Marekani, katika majimbo mawili yanayoitwa Carolina. Hakuna aliyejua kilifikaje. Serikali yao ilizuia mazao, mashine, hata udongo, kutoka kwenye mashamba hayo bila kukaguliwa. Kikakutwa kwenye zaidi ya ekari 400,000. Wakaleta gesi inayoitwa etilini, ambayo nayo inaiamsha mbegu bila mzizi, wakaidunga ardhini kwa matrekta, mwaka baada ya mwaka. Imewachukua zaidi ya nusu karne na fedha nyingi kubakiza vipande vidogo tu. Nawasimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, dola kubwa vile ilihangaika hivyo, basi na wewe usijione mzembe. Pili, kile walichokuwa wanakifanya kwa gesi ni kilekile pamba inachokifanya bure.

Haya, maswali.

(Kijana mmoja aliuliza kama hakuna dawa ya kupulizia.)

Ipo inayoua kilichochomoza, ile ya magugu ya majani mapana. Lakini umeshaelewa kwamba kilichochomoza kimeshakula. Na dawa hiyo ikichukuliwa na upepo huu wa ziwa ikaangukia pamba ya jirani, pamba inajikunja na kuharibika vibaya mno. Mtarudi kwenye baraza. Mimi siipendekezi hapa.

Kuna njia nyingine yenye akili zaidi: mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya imazapairi. Mahindi yenyewe yamezalishwa ili yaivumilie, lakini kiduha kikija kuuma mzizi kinakufa. Wenzetu Kenya walizipata kwa jina la Ua Kayongo. Kayongo ndiyo kiduha kwa Kijaluo, na Ua hapo ni kuua, si ua la shambani. Ukizipata kwa muuzaji mwenye leseni, sharti ni moja: osha mikono kabla hujashika mbegu nyingine. Ukitoka kupanda hizo ukashika maharage kwa vidole hivyohivyo, maharage hayaoti, utasema tena umelogwa.

(Mzee mmoja aliuliza kuhusu mtama, kwamba yeye haamini mahindi kwenye udongo wake.)

Nakuunga mkono, baba. Wazee mnaikumbuka Serena, ilivumilia. Mwaka 2002 zilitolewa hapa nchini aina mbili, Wahi na Hakika. Zinatokana na kazi ya Mwethiopia mmoja, Gebisa Ejeta, wa chuo kikuu cha Purdue, ambaye mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo. Ujanja wa mtama wake ni nini? Mwano wake ni mdogo. Unanong'ona tu, kiduha hakishtuki. Ulizeni Ukiriguru na kwa afisa ugani wa kata mbegu ikoje msimu huu. Lakini hata huo mtama, upeni samadi. Ukiwa umeudhoofisha kwa njaa hautakulipa.

(Kijana mwingine aliuliza habari za vuta-sukuma, ameiona kwenye simu.)

Eeh, vuta-sukuma. Wasukuma tumetiwa kwenye jina bila kulipwa. Ilianzia ng'ambo ya ziwa hili hili, Mbita, Kenya, kwenye kituo cha ICIPE, watafiti wa wadudu. Walikuwa wanatafuta dawa ya viwavi wanaotoboa mabua. Katikati ya mistari ya mahindi wakapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, unaowafukuza nondo. Pembezoni wakapanda majani ya tembo yanayowavuta. Wakashangaa kiduha nacho kinapotea. Kumbe mizizi ya desmodiamu inakiamsha kiduha na papo hapo inakizuia kujishika. Tena inarutubisha udongo, na ng'ombe wa maziwa wanaipenda. Ni njia bora kuliko zote nilizozitaja, nasema hivyo bila kusita. Lakini desmodiamu haivunwi na kuondoka, inakaa shambani miaka. Sisi tukishavunja mahindi tunafungulia ng'ombe wa kijiji kizima. Wiki mbili haipo. Kwa hiyo anayefugia ndani, au mwenye uzio, aanze kesho. Wengine tuanze na mjadala wa ng'ombe, na huo sitauweza leo jua likiwa hapa.

(Mama mmoja mzee aliyekuwa kimya muda wote alisimama. Alisema: Mimi nina ekari moja. Ni hiyo hiyo. Unaniambia nisipande mahindi misimu mitatu. Wajukuu wale nini?)

Mayu, umeuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu nifike, na mabango yangu ya zamani hayakuwa na jibu lake. Sikwambii uache mahindi ekari nzima. Hilo linasemwa na mtu mwenye mshahara. Gawa vipande vitatu. Kipande kinachogusa zizi, ambako kiduha ni kidogo, weka mahindi yako na samadi yote uliyonayo, usiitawanye. Samadi ya mikokoteni miwili kwenye ekari nzima ni kama chumvi baharini, lakini kwenye robo ekari inaonekana. Kipande kilichoathirika vibaya kabisa, mihogo au viazi. Hapo utapata udaga, au matobolwa ya viazi, na kiduha hakitapata mzizi wa kunyonya, hivyo hakitaongeza mbegu. Cha tatu, karanga au njugumawe, ndiyo pesa ya chumvi na sare. Mwakani karanga zinahamia penye mahindi au penye viazi, unazungusha. Mahindi yatakuwa machache kuliko ulivyozoea kupanda. Ila niambie, mwaka jana kwenye hiyo ekari nzima ulivuna magunia mangapi?

(Alisema: Mawili, na la pili halikujaa.)

Mawili yasiyotimia, kwa ekari. Robo ekari iliyoshiba inaweza kukupa hayo. Siahidi, mvua si yangu. Lakini kulima robo na kupalilia robo hakukuumizi mgongo kama ekari. Ukikubali, leo tukimaliza hapa nakuja na hawa vijana tukapime, tuone zizi liko wapi na kiduha kimeanzia wapi, na vilivyotoa ua tuving'oe.

(Alifikiri kidogo, akasema: Njooni. Ila hilo jembe ulilochimbia kwa mwenzangu asubuhi, ulioshe kwanza.)

Leteni beseni.